Siku za Kutazama

Bergen, 5 Septemba 1984

Shangazi yangu Borghild,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na kondoo wote wameonekana huko mlimani. Mimi mzima, ila nguo hazikauki. Mvua ya huku unaijua mwenyewe.

Shangazi, nimeingia wodini! Sisi wanafunzi wa uuguzi tumeanza siku zetu za kutazama, wodi ya magonjwa ya ndani. Amri ya kwanza: mikono nyuma. Kutazama ruksa, kusikiliza ruksa, kuuliza ruksa, lakini kugusa marufuku mpaka uambiwe. Wenzangu wananung'unika kwamba wamegeuzwa sanamu. Mimi nimeapa sitapoteza hata saa moja. Daktari akipita, niko mbele. Bandeji ikifunguliwa, niko mbele. Nikishapata chai ya saa nne, badala ya kukaa na wenzangu narudi kuuliza yale niliyoyaona asubuhi.

Anayetuongoza ni Sista Wenche, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuitia mbuzi. Siku ya kwanza alinisimamisha ukumbini: "Wewe mrefu, umeona nini mle ndani?" Nikamjibu, kwa fahari zote, kwamba nimeona kidonda cha mguu kinachoanza kupona pembeni. "Na mwenye mguu?" Kumbe yule mama alikuwa akilia muda wote, na mimi macho yangu yote kwenye kidonda. Niliona haya, lakini nimejifunza. Sasa naanza na uso.

Mwenzangu katika zamu anaitwa Iver, mtoto wa daktari wa meno, mcheshi kupindukia. Juzi walipokuwa wakimtoa mtu damu alianguka kama gunia la viazi. Alipozinduka akasema alikuwa anakagua usafi wa sakafu. Hata Sista Wenche alicheka.

Unajua ninachokipenda zaidi huku? Hakuna anayeniuliza mimi ni binti wa nani. Wananiona Eldrid, basi.

Nitumie jibini ya kahawia. Ya dukani ni kama sabuni.

Mwanao,
Eldrid


Fosseli, 12 Septemba

Mwanangu Eldrid,

Marahaba. Goti halijambo, asante, linalalamika tu wakati wa kupanda ngazi. Kondoo wameshuka wote isipokuwa yule jike mwenye masikio meusi, na huyo hata akipotea sitamlilia, ana kiburi cha mke wa hakimu.

Barua yako nimeisoma, nikaisoma tena mbele ya jirani Magnhild alipokuja kunywa kahawa. Magnhild akasema, "Mtoto huyu atakuwa sista mkuu." Nikajifanya sijali, lakini moyo ulinivimba. Tangu mama yako alipotangulia nimekulea kwa viazi na maombi, na tazama. Sikiliza vizuri huko. Uliza hata wakikuona mjinga. Anayeona haya kuuliza leo atamuua mtu kesho.

Hukuniuliza habari za baba yako na umefanya vyema. Lakini nisipokwambia mimi utaambiwa na wengine. Alipita hapa wakati wa kukata majani, amelewa chakari, akasimama nje ya kanisa na kuimba watu walipokuwa wakitoka ibadani. Nyimbo gani, sisemi. Mke wa kasisi alimziba mtoto masikio. Mimi nilipitia mlango wa nyuma kama mwizi. Tangu hapo sijui Sjur yuko wapi na sitaki kujua. Kaka yangu wa damu, ndiyo, lakini hata damu huchoka.

Wewe soma. Akikuuliza mtu habari za ukoo wako, sema umelelewa na Borghild wa Fosseli. Yatosha.

Jibini imo ndani ya soksi. Soksi nazo ni zako.

Shangazi yako,
Borghild


Bergen, 24 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Jibini imefika, soksi zimenitosha, asante.

Mimi sijambo. Kazi ni nyingi. Tunatazama, tunaandika, tunarudi bwenini. Siku hizi nasimama nyuma kidogo ili wengine nao waone. Hakuna zaidi.

Yule kondoo alipatikana?

Eldrid


Fosseli, 2 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Jike lilijileta lenyewe, limenona, halina hata aibu.

Barua yako ilikuwa kama uji usio na chumvi. Nimeigeuza nyuma nikidhani umeendelea upande wa pili. Unaumwa? Umegombana na huyo Sista mwenye sauti ya mbuzi? Au ni yule mtoto wa daktari wa meno? Kama ni yeye, sema. Na mimi nilikuwa msichana.

Tangu lini wewe ukasimama nyuma ili wengine waone? Hata kwenye ubatizo wa watu ulikuwa unasukuma ukae mbele.

Huku hakuna jipya. Tumechinja, tumepika kabeji na nyama, nimekula peke yangu siku tatu sufuria moja. Hakuna jipya kabisa.

Niandikie vizuri.

Shangazi yako,
Borghild


Bergen, 8 Oktoba

Shangazi Borghild,

Shikamoo. Nakuuliza hali kwa sababu ndivyo ulivyonifundisha kuanza barua, na kwa sababu sijui nianzie wapi.

Jipya lipo. Wewe unalijua na mimi ninalijua, na kila mmoja amemficha mwenzake.

Wiki iliyofuata barua yako ya kwanza, Sista Wenche alituingiza chumba namba sita kuona mgonjwa aliyeletwa na polisi kutoka bandarini. Nilikuwa mbele, kama kawaida yangu. Katika kitanda cha dirishani alikuwamo mtu wa manjano, macho ya manjano, tumbo limejaa kama la mjamzito na mikono imekauka kama fito. Nikaanza na uso, kama nilivyofundishwa. Ulikuwa uso wa baba.

Sista akasoma kibao: "Sjur Kvamme." Kisha akanigeukia kwa utani: "Kvamme! Ndugu yako nini, mrefu?"

Shangazi, nilicheka. Nikasema, "Akina Kvamme wamejaa mkoa mzima, Sista."

Baba alikuwa ananitazama. Hakuwa amelewa, walikuwa wameshamkausha pombe yote. Nilijua ananitambua. Nikasubiri aseme jina langu, nikaomba sakafu ipasuke. Akasema kwa ile sauti yake ya mizaha, "Huyu simjui. Binti mzuri hivi, angekuwa wa kwetu, ningemsahau?" Wakacheka wote. Hata yule mzee Anfinn wa kitanda cha pili alicheka mpaka akakohoa.

Alinificha, Shangazi. Nilimkana, na yeye akanisaidia kumkana.

Tulipotoka Iver akasema, "Huyo ukimkamua inatoka chupa nzima." Nikacheka na hapo pia. Mlango ulikuwa wazi.

Baada ya hapo nikawa nasimama nyuma. Daktari alipomchoma tumbo kutoa maji, tuliitwa tuone, ni jambo ambalo mwanafunzi anaweza kumaliza mwaka asilione. Wote walijisogeza. Mimi nilikuwa mgongoni mwa Iver nikihesabu vifungo vya koti lake. Nilisikia maji yakiingia ndooni, na baba akimwambia daktari, "Usiyamwage, nimeyalipia." Hakulalamika hata mara moja. Hakuniangalia hata mara moja.

Siku nyingine Sista alinipa beseni na taulo. "Umetazama vya kutosha, leo utaosha. Anza na Kvamme." Ndiyo siku niliyokuwa nikiisubiri tangu shuleni. Nikasema tumbo linaniuma, nikakimbilia chumba cha mashuka nikajifungia. Iver ndiye aliyemwosha baba yangu. Alirudi na beseni mkononi. Akaniambia, "Yule mzee mtu safi, bwana. Ameniomba samahani kwa harufu." Sikuweza kumwangalia Iver, na Iver hakujua kwa nini.

Sasa nije kwako. Katika ripoti ya asubuhi sista wa zamu alisoma: "Kvamme, kitanda cha dirishani. Dada yake amepigiwa simu. Amesema hana kaka."

Nilikuchukia, Shangazi. Nakuandikia ujue. Nilikuchukia kwa muda wa kuvuta pumzi moja, halafu nikakumbuka kwamba wewe ulisema hivyo kwenye simu, na mimi nilisema nikiwa nimesimama miguuni pake.

Ijumaa iliyopita walikuwa wanapanga apelekwe wapi akitoka. Ini lake limeharibika lakini hawawezi kumweka zaidi. Mmoja akasema, "Hana mtu." Wakaandika. Wakataka kupita kwa mgonjwa mwingine.

Nikasema, "Anaye."

Wakanitazama.

"Anaye mtu. Mimi ni binti yake."

Iver akaangusha macho kwenye viatu vyake, akawa mwekundu mpaka shingoni. Sista Wenche alinitoa nje. Nilidhani atapiga kelele, afadhali angepiga. Alisema polepole, "Siku zote hizi umekaa ukisikiliza mambo yake. Choo chake, damu yake, alichomwambia daktari. Yeye hakukuruhusu kama binti, na sisi hatukujua. Kuwa na baba mlevi si kosa, mwanangu. Ungeniambia siku ile ile ningekuhamishia wodi nyingine na hakuna ambaye angejua. Lakini hili ulilofanya ni kuchungulia."

Kuchungulia. Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nimeondolewa wodini. Siku zangu zote za kutazama zimefutwa, na shule itanikalisha chini iamue kama nianze upya baada ya Krismasi au niende nyumbani. Nimestahili.

Niliruhusiwa kuingia kwa baba saa ya wageni, kama mgeni. Sikujua nikae wapi. Nimezoea kusimama. Akaniambia, "Mjinga wewe. Wangekuacha umalize." Nikasema, "Baba, nisamehe." Akasema amechoka, akageukia dirishani. Nikakaa mpaka kengele ikalia, naye hajageuka.

Atatoka mwisho wa mwezi. Mimi nina kitanda kimoja bwenini. Njoo umchukue, Shangazi. Au niandikie kwamba huji, nijue.

Eldrid


Fosseli, 21 Oktoba

Eldrid,

Marahaba, ingawa sijui kama mtu kama mimi anastahili kuamkiwa.

Nimechelewa. Nimeandika, nimechana, jiko limekula karatasi nyingi kuliko kuni.

Waliponipigia simu, Magnhild alikuwa amekaa hapa mezani na kikombe mkononi. Mtu wa hospitali anaongea kwa sauti kubwa, unajua simu yetu, chumba kizima kinasikia. "Una kaka anayeitwa Sjur?" Nikamwona Magnhild ameacha kutafuna. Nikasema, "Mmekosea. Sina kaka." Nikaweka simu nikamwongezea Magnhild kahawa, nikamwambia watu wa mjini hawajui hata kupiga namba. Kisha nikakaa nikakuandikia wewe kwamba huku hakuna jipya.

Mtoto yule nilimbeba mgongoni, Eldrid. Mama yetu alipokuwa shambani, Sjur alikuwa mgongoni mwangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kusema jina lake.

Na wewe ulilosema mbele yake, nani alikufundisha? "Sema umelelewa na Borghild, yatosha." Ni mimi. Basi usijibebeshe mzigo wote. Sehemu yangu niachie.

Jana nilikwenda kwa Magnhild kumwomba gari na mumewe wa kuliendesha. Ilibidi niseme linakwenda kumchukua nani. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Akaniambia, "Borghild, siku ile nilisikia kila neno. Nilikuwa nasubiri uniombe gari." Hebu fikiria. Amekula keki zangu wiki zote hizi akisubiri.

Tunakuja Jumamosi, asubuhi. Uwepo.

Shangazi yako


Bergen, 28 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama na barabara haikuwa na barafu.

Unisamehe. Nilikuwepo. Nilisimama ng'ambo ya barabara, kwenye duka la maua. Niliona mume wa Magnhild akifungua mlango wa gari. Nilikuona wewe umevaa koti lako la kanisani. Nikamwona baba anatoka, Sista Wenche amemshika mkono huu na wewe mkono ule, na ulivyosimama katikati ya njia kumfunga kitambaa shingoni. Nilitaka kuvuka. Watu wa wodi yangu walikuwa dirishani wanatazama na miguu ikakataa. Yaani hata baada ya kusema mbele yao wote, miguu ilikataa. Nilidhani aibu ukishaitamka inakwisha.

Muuza maua aliniuliza kama nataka kitu. Nikanunua maua ili nisionekane mjinga, na mpaka sasa yamo kwenye ndoo ya bweni, sijui ni ya nani.

Shule imeamua. Nitaanza upya Januari, wodi nyingine, chini ya Sista Wenche huyohuyo. Yeye ndiye aliyeomba nisifukuzwe, nimeambiwa na katibu. Mwenyewe hajaniambia neno.

Sijui kama niende. Nitawezaje kumsogelea mgonjwa wa mtu, mimi niliyeshindwa kumsogelea wa kwangu?

Usimsomee baba barua hii.

Eldrid


Fosseli, 18 Novemba

Mwanangu Eldrid,

Marahaba. Goti linauma, theluji imeshuka mpaka kwenye uzio wa juu, na mimi nina afya. Baba yako yupo. Siwezi kusema mzima. Anakula viazi na maziwa, anatembea mpaka zizini na kurudi, anapumzika. Kikombe anakishika kwa mikono miwili. Daktari wa kijiji amesema akiacha pombe atakuwa nasi kitambo, asipoacha hatafika majira ya kondoo kuzaa. Mpaka leo ameacha. Kesho simwekei dhamana, wala yeye hajiwekei.

Usidhani nyumba imejaa furaha. Tunakaa mezani kama watu wawili wanaosubiri kuitwa na hakimu. Mimi siwezi kumwangalia kwa sababu ya simu, yeye hawezi kuniangalia kwa sababu ya kanisa. Wiki ya kwanza tuliongea habari za kondoo tu. Jumapili iliyopita nikamwambia niko tayari kwenda ibadani, akija aje. Akasema, "Utakaa na mimi benchi moja?" Nikasema, "Nitakaa wapi tena?" Tukaenda. Tulipitia mlango mkuu. Mke wa kasisi alimsalimia kwa mkono, na Sjur akamwambia, "Leo sitaimba, mama." Nilitamani kufa, na watu wakacheka, na nadhani kwa kweli walicheka kwa wema.

Barua yako nimemsomea. Ndiyo, umenikataza. Nimechoka na kufichana katika ukoo huu. Ukikasirika, kasirika.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika pale uliposema utawezaje kumsogelea mgonjwa wa mtu, akaniambia niache kusoma. Nikaenda kutazama moto na kurudi. Halafu akasema, nami naandika kama alivyosema:

"Mwambie kwamba hakuwa peke yake katika kutazama. Mimi nilikuwa nimelala pale mchana kutwa, sina kazi, nikimtazama yeye. Kuna asubuhi alidhani nimelala. Mzee Anfinn alikuwa ameteleza kwenye mto wake wa kulalia, shingo imepinda, hawezi kuita. Wengine walipita mlangoni. Eldrid akaingia, akaenda kwenye bomba akafungulia maji ya moto, akapasha mikono, akaikausha. Ndipo akamshika mzee na kumpandisha, na kumwuliza, 'Hivi sawa?' Marufuku kugusa, nilijua, walikuwa wamewaambia mbele yetu. Akatazama mlangoni kama mwizi na kutoka. Mimi niligeukia dirishani, nikasema moyoni, yule ni wangu, na sina mtu wa kumwambia."

Ndivyo alivyosema. Kisha akataka nikuandikie pia kwamba maji ya hospitali ile huchelewa kupata moto, Januari uyafungulie mapema.

Njoo Krismasi. Chumba chako amelala yeye, kwa hiyo utalala na mimi, na mimi nakoroma. Maua hayo, kama bado yapo, yalete hata yakiwa yamekauka.

Shangazi yako,
Borghild